Mwaka Nilioketishwa Kama Mwali

Mwezi uliopita Feruzi alikuja kutoka Kisaki kunitazama. Alishuka kwenye lori la magunia pale njia panda, akauliza nyumba yangu mpaka akafika hapa Mafiga, jicho moja limeshakufa, miguu imevimba, lakini mdomo ni ule ule. Tulikuwa hatujaonana kwa miaka mingi mno. Tukakaa barazani tukitaja majina ya watu, na karibu kila jina tulilolitaja mwenyewe alikuwa amekwisha kufa. Ndipo mke wangu Mwanaidi alipotoka na sinia la chai na mihogo ya kuchemsha, akaliweka chini taratibu, kwa maana magoti yake nayo yamechoka, akamtazama mgeni na kumwuliza, "Daktari, leo umetuletea unga gani?" Feruzi alicheka mpaka akapaliwa. Alipopata pumzi akamwuliza kama bado hajamsamehe tu. Mwanaidi akajibu, "Wewe, shemeji, nilikusamehe siku nyingi. Huyu hapa ndiye niliyemsamehe kidogo kidogo, kila mwezi, mpaka miezi yenyewe ikanikatikia." Akarudi jikoni. Wajukuu wakaniuliza kinachotuchekesha wazee ni nini, nami nikawaambia uongo, nikasema ni habari ya sukari ya zamani. Feruzi alipoondoka nilijiona mnyonge kwa uongo ule. Baadhi ya wajukuu hao ni wavulana, nao wataoa. Kwa hiyo nauandika mwaka ule kama ulivyokuwa, pamoja na aibu yangu.

Ulikuwa mwaka ambao Wadachi, yaani Wajerumani, walikuwa wanaisogeza reli kuelekea Tabora. Mimi nilikuwa karani wa mizigo pale stesheni ya Morogoro, kijana mwenye kanzu safi, niliyesoma shule ya serikali pwani mpaka madarasa ya juu, nikajua hesabu, jiografia, na maneno ya Kidachi ya kutosha kuitika na kuandika. Nilidhani mtu aliyesoma kiasi kile hakubakiwa na jambo la kuuliza. Tuliishi nyuma ya stesheni katika vyumba viwili vya udongo vilivyopigwa chokaa. Chumba cha mbele kilikuwa na meza yangu, kiti kimoja na mkeka wa wageni. Cha ndani kilikuwa na kitanda cha kamba, sanduku la Mwanaidi, na msumari ukutani juu ya mahali anapolala. Kwenye msumari ule zilining'inia shanga zake. Yeyote aliyeoa milimani kwetu anaijua lugha hiyo. Mke hamwambii mumewe kwa mdomo kwamba ameingia katika siku zake; hutundika shanga nyekundu, na mume akiziona hulala upande wake. Damu ikikatika, nyekundu hushuka na nyeupe hupanda. Ni desturi ya heshima, nami sikuona kasoro yake. Kwa miaka miwili ya ndoa yetu shanga zilisema, mimi nikasoma, na hatukuhitaji neno hata moja. Lakini shanga zilikuwa za rangi mbili tu, nami nikaamini kwamba mwili wa mwanamke una hali mbili tu: siku za damu, na siku nyingine zote, ambazo nilidhani zinafanana kama sahani zilizooshwa.

Kusema kweli nilikuwa nimekwisha kuona kwamba hazifanani. Kulikuwa na siku, shanga nyeupe zikiwa ukutani, ambapo kaniki ya Mwanaidi ilikuwa na unyevu, na mwenyewe alikuwa na utelezi nisioujua. Nilidhani hakujisafisha vizuri. Nilijigeuza, nikalala, na kesho yake nikawa mkali juu ya mambo mengine, chumvi ya mchuzi au vumbi la mezani. Yeye hakuwa mtu wa maneno mengi wakati ule. Alichota maji upya, akaoga upya. Leo nikikumbuka sauti ile ya maji yakimwagika uani, yakimwagika kwa ajili ya uchafu usiokuwepo, natamani ningeweza kurudi nikamshike mkono.

Feruzi alikuwa msaidizi katika hospitali ya kambi ya reli. Kazi yake ilikuwa kufunga vidonda, kuchemsha vyombo na kumshikia daktari taa. Karibu kila jioni alikula kwetu, kwa sababu hakuwa na mke, na kwa sababu Mwanaidi alijua kuunga maharage kwa nazi hata nazi ikiwa ya siku tatu. Tulikula mkekani, tumelizunguka sinia, na Feruzi alikuwa akisimulia mambo ya hospitali. Alipenda zaidi habari ya kisonono, maana wanaume wa kambi walikuwa nacho wengi. Alieleza jinsi usaha unavyotoka, jinsi nguo inavyochafuka, jinsi wanaume wazima wanavyolia wakienda haja ndogo. Siku moja nilimwuliza kwa mwanamke kunaonekanaje. Akasema, huku akimega ugali, kwamba kwa mwanamke ni kitu kinachotoka na kulowesha nguo. Ukiona hivyo, jua. Mwanaidi alikuwa ameinama anapakua mboga. Alimaliza, akaenda nje.

Wakati wa mvua za vuli nilitumwa Kilosa kuhesabu shehena ya mataruma ya reli iliyokuwa na mgogoro. Nilikaa siku kumi na tatu. Niliporudi nilikuta shanga nyeupe zimetundikwa, wali wa nazi umefunikwa kwa kawa, na mke wangu amejifukiza udi. Nilifurahi. Asubuhi yake yeye alipokuwa uani niliiona kaniki aliyolalia imetupwa kitandani, na juu ya weusi ule palikuwa na kitu kinachong'aa. Nilikigusa. Kilikuwa cheupe kama maji, kinateleza, kinavutika kati ya vidole viwili kama uzi bila kukatika. Sikuita jina lake. Alikuwa hatua tano kutoka pale nilipo. Nilisikia kata ikigonga mtungi. Ningeweza kusema, "Mke wangu, hiki ni nini?" Nilifuta vidole, nikavaa kofia, nikaenda kwa Feruzi.

Feruzi hakucheka siku ile. Aliniuliza kama mimi ninaumwa, nikasema siumwi. Akaniuliza nilikuwa safarini muda gani. Nilipomwambia alinyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kulikonimaliza. Akanifungia katika kikaratasi unga wa zambarau wanaooshea vidonda, akaniambia uchanganywe na maji na mwanamke ajioshe kwa ndani asubuhi na jioni. Nilikipeleka nyumbani, nikampa Mwanaidi pamoja na maelekezo, nikasema ni amri ya hospitali. Aliutazama unga, akanitazama. Aliuliza neno moja tu: "Kwa nini?" Nikamjibu kwamba yeye ndiye anayejua kwa nini. Kisha nikafanya kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza. Kwetu mume mwenye malalamiko mazito humwambia mshenga, na mshenga hupeleka neno kwa mjomba wa mke, kwa maana kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli. Nilimtuma mshenga mlimani. Neno nililomtuma nalo lilikuwa kwamba mke wangu ameokota ugonjwa nilipokuwa safarini.

Jibu lilikuja siku ya nne: njooni wote wawili. Tulitoka alfajiri, tukapita Mkuyuni soko likiwa ndiyo linavunjika, tukashika njia ya Matombo. Tulipoiacha njia kubwa na kuanza kupanda, mvua ilikuwa imeulainisha udongo mwekundu, na Mwanaidi, ambaye siku zote alipanda mlima kama mbuzi, alikuwa akienda polepole, miguu ameiachanisha kidogo. Nilidhani ni ukaidi. Sikumsubiri.

Nyumba ya Mjomba Mkude ilikuwa ukingoni mwa mteremko, migomba nyuma, na mbele shamba la maharage linaloning'inia kama nguo iliyoanikwa. Alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye tabia ya kuchonga kijiti wakati wa kusikiliza. Aliniketisha chumba cha mbele, akapokea shikamoo yangu, akaniacha niseme. Nilisema yote vizuri kama ripoti ya stesheni: safari, siku, kaniki, dalili, maneno ya hospitali. Mwanaidi alikaa karibu na mlango wa jikoni, uso chini. Mjomba alimwuliza, naye akasema hakutembea na mtu, na hana maradhi. Hapo palikuwa pagumu, kwa sababu mjomba hakuweza kumwita mpwa wake mwongo, na hakuweza kulitupa neno la mtu aliyesoma. Akachonga kijiti mpaka kikaisha. Akasema basi Jumatatu binti apelekwe mjini kwa daktari wa Kidachi, apimwe, na neno la daktari liwe ndilo la mwisho.

Kila mtu chumbani alijua maana yake. Siku ya Jumatatu daktari alikuwa akiwapima wanawake wa kambi, wale waliokamatwa na polisi kuzunguka mabanda ya wafanyakazi. Walipangwa mstari mbele ya hospitali mchana kweupe, na watu wa soko walikuja kuwatazama. Mwanaidi aliinua uso. "Nitakwenda, mjomba," alisema. "Nitasimama katika mstari huo. Lakini nikitoka hapo nikiwa mzima, huyu bwana asinisubiri. Nitarudi huku, na mahari yake mtamrudishia." Alisema bila kupandisha sauti. Ilikuwa Alhamisi. Nilijiambia kwamba mtu mwenye hatia ndiye anayetisha. Nilijiambia hivyo mara kadhaa, na kila mara neno lilikuwa na nguvu ndogo kuliko mara iliyopita.

Ijumaa mchana, baada ya sala, mvua ilinyesha kwa namna inavyonyesha huko juu, bila upepo, nzito, kana kwamba mtu anamwaga kutoka kwenye beseni. Nilikimbilia chini ya mchirizi wa jiko, nikakaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Ukuta wa jiko ulikuwa wa fito na udongo uliobanduka, nami nilisikia kila neno la ndani. Mama mkwe alikuwemo, pamoja na bibi mmoja mwenye sauti nene, na Mwanaidi. Yule bibi alikuwa Bi Mwamvua, kungwi wa kijiji kile; ndiye aliyemfunda Mwanaidi alipovunja ungo na kuwekwa ndani. Alikuwa akimwuliza kama mtu anayemwuliza mgonjwa. Je, kinanuka? Hakinuki. Kinawasha? Hakikuwasha kabla ya dawa. Dawa gani? Hapo Mwanaidi akalia kidogo, akasema ni unga wa zambarau, na kwamba tangu alipojioshea amekuwa kama aliyekalia pilipili, hata mkojo unachoma, na kwamba njiani alitembea akiomba asianguke. Mama yake akamwuliza kwa nini hakumwambia mumewe. Akajibu, "Ningemwambia kwa shanga gani, mama?"

Kisha Bi Mwamvua akasema kwa sauti ambayo naamini alitaka nisikie, kwamba amewafunda wasichana wa milima hii maisha yake yote, na leo anaona alifanya nusu ya kazi, maana aliwafunda wao akawaachia waolewe na majuha. Mama mkwe akamnyamazisha kwa kunong'ona kwamba mkwe yuko nje. Bibi akasema, "Najua yuko nje. Naona ncha za viatu vyake. Karani, ingia."

Sikuweza kuingia jikoni alimo mama mkwe. Kwetu ni aibu kubwa. Nikasikia mlango wa upande mwingine ukifunguliwa, na mama mkwe akitoka na Mwanaidi kwenda nyumba kubwa. Ndipo nikaingia. Lilikuwa jiko la kawaida la mlimani: moshi, magimbi kwenye ungo, chungu juu ya mawe matatu, kuku wawili waliokimbia mvua. Bi Mwamvua alikuwa mnene, kichwa kimenyolewa, ameketi kwenye kigoda. Nilitaka kuchuchumaa. Akaniambia nivue viatu na kofia, nikae mkekani, ninyooshe miguu mbele, mikono mapajani, macho chini, nisijibu mpaka niulizwe. Nilikuwa nimepata kusikia kwamba ndivyo anavyoketishwa mwali. Nikasema, "Bibi, mimi ni mwanamume." Akasema, "Ndiyo maana tutachelewa. Kaa."

Nilikaa. Akaniambia kwanza kwamba siri za unyago zina wenyewe na hatanipa hata moja, lakini haya ni mambo ya afya, na mtu anayelala kitanda kimoja na mtoto wa watu lazima ayajue. Kisha akanisukumia bakuli la bamia na majani ya mlenda yaliyochemshwa, akaniambia nikoroge. Nikakoroga mlenda mbele ya kungwi, mimi karani wa stesheni. Ulipoanza kuvutika aliniambia niinue mwiko, nitazame ule uzi unavyoshuka. Akaniuliza, "Hii mboga ina ugonjwa?" Nikasema haina. "Je, ni chafu?" Nikasema si chafu. Akachukua yai kutoka kwenye kapu, akalipasua, akaumimina ute wake kiganjani mwangu bila kuniomba ruhusa. Akaniambia niushike kwa vidole viwili, niuvute. Niliuvuta. Ulikuwa ndio ule ule. Nilikuwa nimekiona kitu kile juu ya kaniki nyeusi na moyo wangu ukakiita usaha, na mtu yeyote aliyewahi kukaanga yai angeniambia si usaha.

Halafu akaanza kuuliza, na maswali yake yalikuwa ya hesabu, jambo nililodhani ni langu mimi. Siku niliyoondoka kwenda Kilosa, shanga zilikuwa za rangi gani? Nyekundu, zilikuwa zimetundikwa jana yake. Nilikaa siku ngapi? Kumi na tatu. Akaniambia nihesabu kwa maharage, niyapange mkekani. Haragwe la kwanza ni siku damu inapoanza. Akayatenga manne, matano: hizi ni damu. Mawili yaliyofuata: hapa kwa wengi ni pakavu. Yaliyofuata: hapa huanza kuja kitu kidogo, kizito, kinachonata kama uji uliopoa, rangi ya maziwa. Kisha huongezeka maji. Kisha, akasogeza maharage yaliyokuwa katikati ya mstari, unakuja ute huu, mweupe kama maji, wa kuteleza, siku mbili, siku tatu, nne. Ukipita huo, unaganda tena, unakuwa mzito, mweupe, unapungua, hata pengine hakuna, mpaka damu irudi. Ukikauka nguoni huacha alama ya manjano kidogo, na hilo nalo si jambo. Wanawake hawafanani, mmoja ana mwingi, mwingine mchache, mmoja mwezi wake ni mrefu, mwingine mfupi. Lakini kila mmoja anajua wake, kama mkulima anavyoijua ardhi yake. "Sasa, msomi, ulirudi siku ya haragwe gani?"

Nilihesabu. Nilihesabu tena. Kidole changu kilisimama katikati ya maharage yale ya ute. Nilisikia mvua, na kuku mmoja akijikung'uta, na kitu kifuani mwangu kikilegea, kitu nilichokuwa nimekikaza kwa siku tisa bila kujua kwamba nimekikaza. Mke wangu hakuwa mgonjwa. Hakukuwa na mtu mwingine. Hakukuwa na kitu chochote isipokuwa mwili wa mwanamke mzima ukifanya kazi yake kwa saa yake. Machozi yalinitoka na bibi akayaacha yatoke.

Nilimwuliza basi ugonjwa hujulikanaje, maana Feruzi hakubuni. Ameuona kwa macho. Akasema ndiyo, upo. Ukisikia harufu mbaya kama ya samaki aliyelala, ukiona rangi ya kijani au ya usaha, au mapande kama maziwa yaliyoganda pamoja na kuwasha, au tumbo la chini linauma, au mkojo unachoma, au damu inakuja isipotarajiwa, hapo hatungoji, tunatafuta dawa, hata kwa Mdachi. "Rafiki yako anashinda hospitalini," alisema. "Huko hawaendi wazima. Akiona kinachotoka, anadhani kila kinachotoka ni hicho." Kisha akanikemea kuhusu ule unga kwa ukali ambao sitauandika wote. Alisema huko ndani hujisafisha penyewe, na ute huo huo ndio maji yake ya kuoshea. Nje panatosha maji matupu. Anayetia dawa ndani bila ugonjwa huita ugonjwa.

Mwisho akaniuliza jambo ambalo sikulitegemea. Siku zile za utelezi, tangu tumeoana, mimi hufanya nini? Nikamwambia ukweli, kwamba huona ni uchafu, nikalala upande wangu. Bi Mwamvua akaanza kucheka, tumbo lake lote likicheka. "Miaka miwili watu wanasema mtoto wangu ni tasa," alisema. "Kumbe mkulima anapanda kiangazi, mvua ikinyesha anakimbilia ndani." Alicheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa nguo. Akaniambia siku za ute ndizo siku za mbegu, na kwamba nikale mlenda wangu nilioukoroga. Niliula wote pamoja na magimbi. Sikuwa nimekula vizuri kwa siku tisa, na sijawahi kula chakula kitamu kama kile.

Ilikuwa rahisi kumwambia Mjomba Mkude kando, nami nilijaribu. Nilimfuata nyuma ya zizi nikamwambia nimeelewa, safari ya Jumatatu haina haja. Akaendelea kuchonga. Akasema neno nililitupa mbele za watu, basi nikaliokote pale pale nilipolitupa. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi tulikaa tena chumba kile kile. Safari hii mshenga alikuwepo, na Bi Mwamvua, na mama mkwe nyuma ya mlango ambapo nilijua anasikia. Mjomba aliniuliza ninasema nini leo. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, ya shule, yakapotea yote. Nikasema, "Mke wangu ni mzima. Alikuwa mzima siku zote. Mimi ndiye sikujua, na badala ya kumwuliza yeye niliuliza watu. Nilimwita mchafu naye ni safi. Nikampa dawa ikamwunguza." Mshenga alikohoa. Hakuna mwanamume aliyewahi kusema maneno ya namna ile katika nyumba ile, nadhani, na wala mimi sikuwahi kuyasema tena mpaka nilipoanza kuandika hapa.

Mjomba akamgeukia Mwanaidi. Yeye hakuniangalia mimi. Alimwambia mjomba wake aniulize, nikirudi mjini na nikaona jambo nisilolijua mwilini mwake, nitamwuliza nani kwanza. Mjomba akaniuliza. Nikasema nitamwuliza yeye. Mwanaidi akamwambia aniulize tena kama nitauliza kwa shanga au kwa mdomo. Nikasema kwa mdomo. Bi Mwamvua akaguna. Kisha Mwanaidi akainuka, akaingia ndani, na niliposikia anamwomba mama yake kamba ya kufungia mzigo nilijua anarudi nami.

Mzigo ulikuwa tenga la ndizi na maharage. Nililibeba mimi, kichwani, na kanzu yangu, na wanawake tuliokutana nao njiani waligeuka kutazama karani aliyebebeshwa tenga huku mkewe anatangulia mikono mitupu. Mmoja alimwuliza Mwanaidi kama amemnunua sokoni. Akamjibu kwamba hapana, amepewa kwa majaribio. Tulishuka hivyo, yeye mbele, mimi nyuma, hatukusemezana. Ni rahisi kuahidi mbele ya mjomba. Njiani, mchana, na mtu mwenyewe mgongo kwako, ulimi unakuwa kama si wako. Tulivuka kijito cha kwanza nikanyamaza. Tukavuka cha pili. Kabla ya kufika Mkuyuni, mahali njia inapopanuka, nilimwita kwa jina lake. Akasimama bila kugeuka.

"Bado panakuchoma?" nikamwuliza.

Aligeuka. Sijui kama niliwahi kumwona usoni kweli kabla ya siku ile. Akanisogezea tenga lililokuwa linainama upande, akaliweka sawa kichwani pangu kwa mikono yote miwili.

"Pamepoa tangu jana," alisema. "Twende."